Treni ya babu inastuka na kunuka: iongezewe umeme au iwekewe betri?

"Papa fundi, jambo. Marehemu babu alifanya kazi ya reli hapa Lubumbashi. Mzungu mmoja waliyefanya naye kazi, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia treni ya kuchezea, lakini kubwa, lokomotivu peke yake inajaa mikono miwili. Kwenye kasha imeandikwa LGB na West Germany. Kuna lokomotivu ndogo ya mvuke ya magurudumu manne, mabehewa matatu, reli za shaba zilizokuwa nyeusi, na transfoma. Ilikaa Kampemba chini ya kitanda tangu sijaoa. Sasa nimeipanga uani kwa ajili ya watoto. Inatembea kidogo, inastuka, inasimama. Nikiisukuma kwa kidole inaendelea. Baada ya dakika chache inanuka kuungua. Fundi wa redio anasema transfoma imechoka, nifunge betri mbili za gari ili ipate nguvu. Jirani anasema niiloweshe usiku mzima ndani ya mazutu (dizeli). Na kuran (umeme) unaijua mwenyewe, kampuni ya SNEL wakikata jioni mchezo umekwisha. Nimeona watu wanaweka betri ndani na kuendesha kwa rimoti. Nibadilishe mota, transfoma, au vyote? Tena mtoto wangu mkubwa anataka tuipake rangi za SNCC, kampuni yetu ya reli. Sitaki kuharibu kitu cha babu."

Mwanangu, betri za gari ziache, na mazutu yabaki kwenye jenereta. Katika yote uliyoandika, hayo mawili ndiyo yanayoweza kuimaliza treni ya babu yako kwa siku moja. Mengine yanatengenezeka, na sehemu kubwa utaifanya mwenyewe mezani kwa bisibisi, kitambaa, mswaki wa zamani na maltimita ya bei ndogo.

Kwanza ujue ulichoachiwa. LGB zilianza kuuzwa mwaka 1968, kazi ya kampuni ya Ernst Paul Lehmann ya Nürnberg. Reli zake zina upana wa milimita 45 na kipimo chake ni 1:22.5, kwa kuiga treni za reli nyembamba za mita moja. Maneno "West Germany" kwenye kasha yanakwambia ilitengenezwa kabla Ujerumani mbili hazijaungana mwaka 1990. Lokomotivu ndogo ya mvuke ya magurudumu manne huenda ikawa ile Stainz, iliyokuwa ya kwanza kabisa kutoka, au ndugu yake. Treni hizi ziliundwa kukimbia bustanini, zinyeshewe, zipigwe na jua, zishikwe na watoto. Kwa hiyo uzee si ugonjwa wake. Iliyolala miaka mingi huugua vitu viwili: umeme haufiki kwenye mota, na grisi imeganda ndani ya gia. Nikisoma barua yako naona una vyote viwili.

Fundi wako wa redio hakusema upuuzi. Ameona kitu kinakosa nguvu, akafikiria chanzo cha nguvu. Lakini tazama mota hii inavyofanya kazi. Ni mota ya umeme wa DC, ya sumaku na kaboni. Inapozunguka, yenyewe huzalisha umeme wa kinyume unaopingana na ule unaoingia, kwa hiyo ikikimbia bila mzigo inakunywa kidogo sana. Ikikwama, ule umeme wa kinyume haupo tena. Kinachobaki kuzuia ni ukinzani wa waya wa ndani peke yake, nao ni mdogo. Hapo inakunywa mkondo mkubwa na kuugeuza wote kuwa joto. Ukizidisha volti mara mbili kwenye mota iliyokwama, mkondo unazidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Gia zilizoshikwa na grisi ngumu ukiziongezea umeme, unapika mota.

Na ukifunga betri mbili za gari kwa kufuatana, volti 24 zenyewe LGB inazivumilia. Hatari iko kwenye ampea. Transfoma ya kasha la aina hiyo kwa kawaida hutoa kama ampea moja, na ikizidiwa inajikata yenyewe. Betri ya gari inasukuma ampea mamia bila kujali. Gurudumu la chuma likiruka nje na kugusa reli zote mbili, hakuna cha kujikata ila waya, na utakatika kwa moto, watoto wakiwa wamechuchumaa pembeni.

Hiyo transfoma unayoisingizia ipime kabla ya kuihukumu. Ilitengenezwa kwa volti 220 na hezi 50, sawa na umeme wetu, kwa hiyo haina sababu ya kusumbuka hapa. Tazama waya wake wa ukutani kwanza: mpira ukiwa umepasuka au unavunjika ukiukunja, badilisha waya huo kabla ya kuchomeka popote. Kisha weka maltimita kwenye DC, fungua kitufe chake polepole, uone volti zinapanda bila kuruka. Zikipanda vizuri na kubaki imara treni ikitembea, transfoma ni nzima.

Sasa reli. Watu wa Katanga hatufundishwi shaba, tunajua inavyojivika weusi. Ule weusi ni tabaka lisilopitisha umeme vizuri, na lokomotivu yako inaokota umeme kwa kugusa tu juu ya reli. Ndiyo maana kidole chako kinaisaidia: unaisogeza milimita chache, gurudumu linapata mahali safi. Sugua uso wa reli kwa sponji ya kijani ya kusugulia sufuria, umalize kwa kitambaa chenye spiriti ya duka la dawa. Usitumie msasa mkali, kwa sababu mikwaruzo yake inahifadhi uchafu na wiki ijayo utaanza upya. Zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria nazo usizikaribishe kabisa: vipande vyake vidogo vinavutwa na sumaku ya mota na kuingia ndani.

Ila umeme mwingi haupotei usoni mwa reli. Unapotea kwenye viungo, pale kipande kimoja kinapoingia kwenye kingine. Lokomotivu ikiwa inatembea, pima volti karibu na transfoma, halafu upande wa mbali kabisa wa duara. Ukikuta kwa mfano volti 16 huku na 9 kule, hizo saba zimeliwa na viungo. Vichomoe kimoja kimoja, safisha ndani, paka vaselini kidogo sana, urudishe. Ni kazi ya kuchosha na hakuna njia ya mkato.

Kisha pindua lokomotivu juu ya taulo, magurudumu yakitazama juu. Nyuma ya magurudumu utaona vijiti vidogo vyeusi vya kaboni vinavyosukumwa na springi. Kando yake kuna viatu vya chuma vinavyoburuta juu ya reli. Sukuma kila kimoja kwa kidole: kirudi chenyewe. Kisiporudi, kimekwamishwa na uchafu au kimekwisha. Safisha magurudumu kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Angalia pia gurudumu lenye mpira uliovishwa kwenye mfereji wake. Miaka mingi ukiwa umelala, mpira huo hukauka na kupasuka, na hapo treni inateleza huku wewe ukidhani haina nguvu.

Ikiwa bado imepinduliwa, gusisha waya mbili za transfoma kwenye magurudumu ya kushoto na kulia, volti kidogo. Kipimo hiki ndicho kitakachokuokolea pesa. Ikizunguka laini hapa lakini inastuka relini, tatizo liko kwenye reli na usifungue chochote. Ikistuka hata hapa, ingia ndani.

Kuingia ndani ni kufungua skrubu za bamba la chini. Kabla ya kunyanyua ekseli yoyote, piga picha kwa simu, kutoka upande wa kushoto na wa kulia. Sikuambii hivi kwa mapambo. Magurudumu yameunganishwa na vyuma vya pembeni, na kila ekseli inashikwa na gia ya skrubu iliyo kwenye ekseli ya mota. Ukirudisha ekseli moja ikiwa imepita jino moja, vile vyuma vya pembeni vinavutana: treni itatembea nusu mzunguko, itagoma kidogo, itaruka, itatembea tena. Watu wamenunua mota mpya kwa ajili ya jino moja.

Humo utakuta grisi iliyogeuka rangi ya sukari guru, ngumu kama nta. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni maalumu. Miaka ikipita mafuta yanahama, sabuni inabaki. Itoe kwa kijiti cha mbao. Gia za plastiki zilizotoka nje zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uzikaushe kabisa. Kwenye jino lililopasuka usiweke gundi. Gia hiyo ibadilishwe.

Kuhusu lile shauri la jirani: mazutu yataifikia grisi, kweli, lakini yatafika pia kwenye mota, yachanganyike na unga wa kaboni na kuwa uji mweusi unaounganisha vipande vya shaba ambavyo havitakiwi kuunganishwa. Petroli na tina ya kuyeyushia rangi ndiyo mbaya zaidi kwa plastiki na rangi.

Grisi mpya iwe ile nyeupe isiyodhuru plastiki. Mafundi wa mashine za fotokopi mjini wanayo, maana gia zao pia ni za plastiki. Paka utando mwembamba kwenye meno tu. Kwenye ekseli weka tone la oili ya cherehani kwa ncha ya sindano. Mtu anayejaza grisi mpaka inatoka kando hajafanya hisani, hasa kwetu: kuanzia Mei mpaka Septemba vumbi jekundu linaingia kila mahali, na likikutana na grisi ya ziada linageuka dawa ya kusagia meno ya gia.

Mota yenyewe ipime ikiwa imetoka, kwa volti 12, maltimita ikiwa kwenye ampea. Bila mzigo inapaswa kunywa chini ya nusu ampea, na sindano au namba itulie. Zima, weka maltimita kwenye ohmu, zungusha ekseli polepole kwa vidole. Namba ikibadilika kidogo tu, sawa. Ikipotea kabisa mahali fulani, kaboni imekwisha au kipande kimoja cha shaba ndani kimeungua. Hii ndiyo sababu nyingine inayofanya treni iendelee ikisukumwa, na ndiyo pekee inayodai mota mpya.

Harufu ya kuungua hukuniambia inatoka wapi. Weka pua kwenye bomba la moshi. Lokomotivu nyingi za LGB zina kifaa kidogo cha kupasha dawa ya moshi, na kikiwashwa kikavu kinaungua chenyewe hata kama mota ni nzima. Kama watoto walimimina kitu humo, mafuta ya mawese au mazutu, kimeshaharibika. Kata waya wake mmoja, uufunge kwa tepu, usahau habari ya moshi. Harufu ikitoka chini, kali, ya vanishi, hiyo ni mota, na usiiendeshe tena kabla ya kusafisha gia.

Baada ya hayo yote ndipo tuongee betri. Nakuunga mkono. Kwa mtu wa Lubumbashi mwenye reli uani, betri inaondoa maadui wawili kwa pamoja, weusi wa shaba na kukatika kwa umeme. Mfumo wa dijitali wanaousifu Ulaya ni mzuri, lakini vifaa vyake ni ghali, vinaagizwa mbali, na bado unadai reli safi na umeme wa ukutani. Kufunga ile transfoma kwenye inveta ya sola kunawezekana ikiwa inveta ni ya mawimbi safi (pure sine wave). Zile za bei rahisi zitaifanya ilie na kupata moto.

Lakini usitoboe lokomotivu. Ndogo hiyo haina nafasi ya betri, na kitu cha babu kibaki kinaweza kurudishwa kama kilivyokuwa. Weka betri ndani ya behewa la mizigo linalofuata, na waya mbili zenye plagi ndogo zije mbele. Ndani ya lokomotivu jambo moja tu ni la lazima: mota itenganishwe na magurudumu. Kwenye mota za LGB za miaka ya baadaye kuna waya nne, kahawia na nyeupe kutoka relini, njano na kijani kwenda kwenye mota. Chomoa za reli, betri iingie kwenye za mota. Za zamani zina mbili au tatu tu, hapo utatoa vile vijiti vya kaboni pamoja na viatu na kuvihifadhi kwenye bahasha. Usipotenganisha, betri yako itapeleka umeme relini, na atakayewasha transfoma kwa bahati mbaya ataugonganisha na betri.

Seli nne za lithiamu za aina ya 18650 zilizofuatana zinatoa volti 14.8, na 16.8 zikijaa. Zinatosha. Treni ndogo ya reli nyembamba iliyokwenda kilomita 30 kwa saa, kwa kipimo cha 1:22.5, inapaswa kupita mita moja kwa karibu sekunde tatu. Watoto watataka mbio. Wewe kataa, mwendo wa polepole ndio unaoifanya ionekane treni. Seli za miliampea-saa 2,600, treni ikinywa wastani wa ampea 0.7, zitakupa zaidi ya saa tatu.

Tahadhari iko kwenye ununuzi. Kobalti ya kutengenezea betri inatoka Kolwezi kwetu, lakini seli zinazoturudia sokoni nyingi ni za uongo. Ukiona 18650 iliyoandikwa 9,900, iache mezani kwa mwenyewe. Nzuri kweli inabeba kama 3,500, na ina uzito wa gramu 45 hivi, wakati za uongo huwa nyepesi. Zilizotolewa kwenye laptopu za zamani zinafaa kwa mtu mwenye vifaa vya kuzipima moja moja na kuzilinganisha. Wewe nunua pakiti iliyokwisha kufungwa, yenye kibao cha ulinzi na chaja yake, au tumia betri ya drili ya volti 18. Weka fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na upande chanya wa betri, kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa kuendesha, anza na kibao cha kudhibiti mwendo wa mota cha volti 6 hadi 28, chenye kitufe cha kuzungusha. Hakina rimoti: unaweka mwendo, unaiacha izunguke. Ukiridhika, tafuta kidhibiti cha gari la kuchezea chenye rimoti, lakini soma kinavumilia seli ngapi. Vingi vinaishia seli mbili au tatu, na ukikipa nne kinakufa hapohapo. Betri ya drili ina seli tano na ikijaa inafika volti 21, tena pakiti nyingine hazijikati zenyewe zikipungua sana, kwa maana kazi hiyo hufanywa na drili. Hapo lazima kidhibiti chako kijikate, au umzoeze mtoto kusimamisha treni ikianza kuchoka.

Kuchaji: toa betri kwenye behewa, iweke juu ya sakafu ya simenti, uwe macho. Najua umeme wetu hurudi usiku wa manane na kila mtu huacha vitu kwenye plagi ili vijae akiwa amelala. Simu sawa. Pakiti ya lithiamu hapana, hasa kwa vile umeme ukirudi huja na mruko.

Rangi: mwambie kijana apake behewa, lokomotivu aiache. Tena mwambie kwa vipimo. Reli yetu ina milimita 1,067, si mita moja, kwa hiyo juu ya reli za milimita 45 treni ya Katanga inapaswa kujengwa kwa 1:24 hivi. Tofauti na 1:22.5 ni ndogo, jicho halitalalamika. Akitaka kitu cha kweli zaidi, njia ya Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi ina waya za umeme juu, volti 25,000. Kuziiga kwa vijiti vya mbao na waya mwembamba wa shaba, bila umeme wowote ndani, ni kazi nzuri ya likizo.

Kuna mambo ambayo usiyafanye peke yako. Kufungua transfoma ni moja: ndani yake mna volti 220, mpelekee fundi umeme. Pakiti ya betri iliyovimba, iliyoanguka au inayopata moto ikichajiwa usiirekebishe, itoe nje ya nyumba. Mota yenye sehemu iliyokufa mwonyeshe fundi wa mota za drili. Akitaka kuisuka upya mkatalie, waya wake ni mwembamba mno na mota au fremu nzima bado hupatikana kwa kuagiza. Märklin ya Ujerumani, iliyoichukua LGB mwaka 2007, bado inauza vipuri, ila kwanza tafuta namba ya modeli kwenye kasha. Na kama huna mkono wa kulehemu waya ndogo, wanafunzi wa Polytechnique ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanaofanya vibao vya elektroniki watakumalizia kwa mchana mmoja.

Anza na reli na kile kipimo cha kupindua. Ukiishapata ampea za mota bila mzigo, volti za pande mbili za duara, na idadi ya waya zinazotoka kwenye mota, nitumie hizo pamoja na picha ya chini ya lokomotivu, kabla hujanunua chochote.